Mkia wa Binti Jabali

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmeshinda njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nasimulia. Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa kidogo cha mawe, na mawe hayo yalikuwa na wenyewe: mijusi wa buluu, wenye mikia mirefu na maringo mengi. Siku moja meli ikatia nanga, na ndani ya meli mlikuwa na panya. Panya wakashuka, wakaona yai. Kachu! Wakaona jingine. Kachu! Kachu! Mijusi wakapungua, wakapungua, hata wakabaki wawili tu.

Watu wakawahurumia. Wakawachukua, wakawapeleka mjini kwenye bustani ya wanyama, wakawatia katika nyumba ya kioo yenye taa ya joto. Jike aliitwa Binti Jabali. Dume aliitwa Fumo.

Mlezi wao, Bi Riziki, akawaambia, "Wanangu, mmebaki ninyi tu. Nipeni mayai. Msiponipa, ndiyo basi tena, mijusi wa buluu watabaki kwenye picha."

Binti Jabali alisikia, na moyo ulimwenda mbio. Lakini mila je? Kwao dume akitaka mke huja mbele ya jike, hutikisa kichwa mara tatu, kisha huupunga mkia. Asiye na mkia hapewi mke. Alifundishwa hivyo na mama yake.

Fumo akaja. Tikisa. Tikisa. Tiki... akamtazama Binti Jabali usoni. Haya zikamshika, na mjusi akishtuka mnajua mambo yake. Pu! Mkia chini! Mkia ukarukaruka peke yake, pita-pita-pita, ukazunguka nyumba nzima.

Binti Jabali alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye tawi. "Bwana we! Posa yako hiyo inakimbia!"

Fumo akajificha chini ya jiwe.

Jirani yao alikuwa Kobe, aliyejipa ushenga bila kutumwa na mtu. Akaita kupitia kioo, "Mwanangu, mkubalie tu."

"Hana mkia, babu."

"Utaota."

Ukaota, ingawa mfupi. Fumo akaja tena. Tikisa. Tikisa. Pu! Ukaota wa tatu, mdogo kama kidole. Fumo hata hakufika kwa Binti Jabali, mlango uligongwa tu, pu!

"Mkia huo umegandishwa kwa uji?" Kobe akauliza.

Bi Riziki akaja, akatafuta mayai kwenye mchanga. Hakuna. Akafunua majani. Hakuna. Akakaa juu ya ndoo, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Binti Jabali akamwona. Kicheko kikamwisha. Akawaza, "Mama alinifundisha mila. Na mimi nitamfundisha nani?" Akaogopa kweli.

Akaenda hadi kwenye jiwe la Fumo. "Fumo, toka nje."

"Sina mkia."

"Najua. Tazama hapa."

Akaubana mkia wake kwenye ufa wa jiwe. Akavuta. Akavuta tena. PU! Mkia mrefu, wa buluu, wa fahari, ukaenda zake, pita-pita-pita!

Kobe akaingiza kichwa gambani kwa mshtuko, akakitoa tena. "Loo! Bibi harusi naye!"

"Haya," akasema Binti Jabali, "sasa nani atamcheka nani?"

Fumo akatoka. Akamtazama. Akacheka, naye akacheka, Kobe akacheka, na haya zikakosa pa kukaa. Fumo akatikisa kichwa mara tatu, zote tatu!

Mayai yakaja. Bi Riziki aliruka, ndoo ikapinduka, maji yakamwagika, hakujali. Wana wakazaliwa, na wajukuu. Kule kisiwani watu wakaondoa panya wote, haukubaki hata usharubu. Ndipo wajukuu wakarudishwa kwenye mawe yao.

Mpaka leo, dume wa kisiwa kile akija kuposa bila mkia, huinama na kusema, "Niwie radhi, sina."

Na jike humjibu, "Usijali. Hata bibi hakuwa nao."

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: mila huwekwa ili ukoo uishi. Mila inayoumaliza ukoo haitapata wa kuirithi.

Hadithi yangu imeishia hapo, pale mkia ulipoangukia. Anayeutaka akauokote, kama ataukamata!