Gari la Mfalme Nyuma ya Tarumbeta

Isome hadi mwisho ndipo umrushie mwenzako. Nusu yake haimfai mtu.

Mfalme mmoja alinunua gari la michezo, jekundu, lenye kukimbia kuliko habari mbaya. Haukupita muda, taa ya injini ikawaka.

Shemndolwa, fundi mkuu wa gereji ya ikulu, akachomeka mashine ya kupimia. Ikatoa kodi moja, yaani namba ya hitilafu: masega hayafanyi kazi. Masega ni kile kichujio cha ndani ya bomba la moshi, kinachounguza uchafu kabla haujatoka nje. Akafunga mapya. Taa ikazima, kisha ikawaka tena, kodi ile ile. Akabadilisha sensa, kile kihisio kinachopima moshi. Akatafuta bomba lilipotoboka, asipaone. Akanusa petroli kama mtu anayenunua samaki. Taa ikawaka.

Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikapendekeza taa izibwe kwa kitambaa cha heshima.

Mfalme akamwita fundi.

"Gari ni zima?"

"Nikilitazama ni zima, Mtukufu. Nikiiuliza mashine, ni gonjwa."

"Nimsadiki nani?"

"Hata mimi sijui."

"Basi ikiwaka tena, funga virago. Nitamtafuta anayejua."

Shemndolwa akarudi gereji kichwa kimevurugika. Akafungua, akafunga, akafungua tena kile alichokwisha kufunga. Mwisho akaenda kuomba jambo lisilowahi kuombwa: apande gari likiwa safarini. Watu wa gereji walikatazwa kuonekana kwenye msafara, kwa hiyo hakuna fundi aliyewahi kuliona likitembea.

Mkuu wa Itifaki akang'aka. "Mtu wa grisi msafarani?"

"Nitavaa kanzu, mzee."

"Grisi haifunikwi na kanzu."

Mfalme akaruhusu.

Siku ya msafara Mfalme akashika usukani mwenyewe, Shemndolwa kando yake. Geti likafunguliwa. Mbele ya gari wakajipanga wapiga tarumbeta, wote wazee, wakaanza kutembea. Gari likawafuata kwa gia ya kwanza. Mpiga ngoma wao akainama kufunga kiatu, gari likasimama. Kuku akawapita.

"Mtukufu, mwendo tutaongezea wapi?"

"Hatuongezi. Msafara haupiti tarumbeta."

"Tangu lini?"

"Tangu babu alipokuwa akipanda punda."

Shemndolwa akamgeukia. "Mtukufu, masega hujisafisha kwa joto, na joto hilo huletwa na mwendo. Haya yanameza masizi kila siku mpaka yanaziba. Kila niliyofunga, tumeyaua sisi wenyewe."

Mfalme akapiga honi. Wazee wakatawanyika na tarumbeta zao, gari likachomoka. Wakashika barabara kuu hadi mpakani, wakageuza. Fundi akafuta kodi, na taa haikuwaka tena, wala siku zilizofuata. Akabaki na kazi yake.

Waliporudi, Mkuu wa Itifaki alikuwa akingoja getini, amenuna.

"Mtukufu, yule Waziri wa Maji uliyesema afukuzwe kwa uzembe amefika. Nimwingize?"

Mfalme akazima injini.

"Kwanza niambie. Kazi zake zikija kwangu, husubiri nyuma ya nani?"

Mzee akatazama viatu vyake.

"Nyuma yangu, Mtukufu."

Funzo: Kabla hujamwita mtu mvivu, tazama ni nani uliyemweka mbele yake.