Magari Mawili na Mafiga Matatu

Hapo zamani za kale, ila si kale sana wanangu, maana magari ya umeme yalikuwa yameshaingia bondeni, Kiboko alikuwa na gari lake jekundu na Tembo alikuwa na lake la kijani. Kila jioni walikutana penye nguzo ya kuchajia, na hapo majirani hawalali.

"Langu linajaa chaji kabla chai haijapoa!" Kiboko alijigamba.

"Linajaa upesi, linaisha upesi," Tembo akamjibu taratibu. "Langu likishashiba, linakwenda mpaka unasahau ulikotoka."

"Lakini linakula umeme hilo! Eee, linakula!"

"Linalokula ni lako, bwana. Langu linaonja tu."

Bi Nguchiro, yule mdogo mwenye macho makali, alikuwa akiwasikia siku zote na kujipitia zake. Jioni hiyo hakupita. Mto ulikuwa umeanza kufura, na nyumba yake ilikuwa ukingoni kabisa. Kule juu kilimani alikuwa ameshachimba nyumba nyingine, lakini mama yake mzazi alikuwa na miguu mibovu, hata hatua chache zilimshinda, seuze kilima.

Msaada alikuwa ameshauomba. Kiboko alimwambia, "Gari langu la viti vya ngozi nipakie masufuria? Thubutu!" Tembo naye akasema, "Leo napumzisha betri, njoo wiki ijayo." Wiki ijayo! Maji yanajua wiki ijayo ni nini? Bi Nguchiro alirudi nyumbani akiwaza la kufanya.

Na mama mtu hakurahisisha mambo. "Bila mafiga yangu sitoki," alisema, akayakumbatia yale mawe matatu ya kutelekea chungu. Tena msimcheke. Katika bonde lile, ukimwingizia mtu mafiga yake katika nyumba mpya, umekuwa ndugu wa nyumba hiyo. Hugombani nayo, wala huondoki mpaka ule. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyethubutu kuivunja mila hiyo.

Basi Bi Nguchiro akasimama kati ya yale magari mawili, akakohoa. "Hm! Hm! Jamani, mtabishana mpaka lini? Pimeni, yaishe."

"Tupime!" alisema Kiboko.

"Tupime," alisema Tembo.

"Kesho asubuhi, betri zikiwa zimejaa. Kutoka kwangu mtoni mpaka juu kilimani. Tutaona nani anachaji upesi, nani anakwenda mbali, na nani anatumia umeme kidogo."

"Kilima tu? Mbona rahisi!"

"Rahisi kwa gari tupu, Bwana Kiboko. Gari tupu hata mimi nalisukuma. Gari hupimwa na mzigo."

Tembo akakuna sikio. "Na mzigo tutaupata wapi?"

Bi Nguchiro akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayeonewa. "Aa, nifanyeje? Nyinyi ni majirani zangu. Chukueni vyombo vyangu. Usumbufu nitauvumilia."

"Una roho nzuri, wewe," alisema Tembo, na akamaanisha.

Asubuhi mvua ilikuwa ikinyunya. Kiboko akapakia vinu, mitungi na magunia. Tembo akapakia kitanda, mikeka, na mama mzazi juu ya kiti chake. "Huyu ni wa nini?" aliuliza.

"Mzigo ulio hai. Ukimtikisa, umepoteza alama."

Mwisho Bi Nguchiro akawapa mafurushi yaliyofungwa kwa kanga, moja kwa Kiboko, mawili kwa Tembo. "Haya ni ya kusawazisha uzito. Mkifika, yaingizeni ndani kwa mikono yenu, nisije nikasikia mtu kadanganya."

Haya, twende! Fyuuu! Kiboko akaondoka, kiyoyozi kinavuma, redio inaimba, tope linaruka pwaa, pwaa! Tembo akafuata polepole, madirisha wazi, masikio nje, mama mzazi amesinzia. Kiboko akatangulia kupakua, akashuka mbio kuchukua shehena ya pili. Katikati ya bonde gari likasema *pii!* likazima. Akalisukuma mpaka kwenye nguzo, akanywa chai, na kweli, hata kikombe hakijaisha, betri ilikuwa imejaa. Tembo alikwenda, akarudi, akaenda tena, na nguzo ya kuchajia hakuiangalia hata kwa jicho la pembeni.

Jioni wote wawili walisimama juu ya kilima wakihema, mafurushi yameshaingizwa ndani.

"Sema basi! Nani mshindi?"

"Kwa kuchaji upesi, Bwana Kiboko."

"Si nilisema!"

"Kwa kwenda mbali, Mzee Tembo."

"Ahaa."

"Na kwa kutumia umeme kidogo?" waliuliza kwa pamoja.

"Hapo," alisema Bi Nguchiro, "nimeshinda mimi. Nimehama na nyumba nzima, na umeme wa hata kuwashia taa sikutumia."

Kiboko akakitazama kitanda. Akavitazama vinu. Akamtazama mama mzazi kwenye kiti chake.

"He! Tumemhamisha!" alinguruma, akainua mguu. "Nguchiro, leo utanitambua!"

"Taratibu, mwanangu," alisema mama mzazi, na akafungua kanga moja, ya pili, na ya tatu. Mawe matatu yenye masizi. "Haya nani kayaingiza?"

Mguu wa Kiboko ukabaki hewani, kisha ukashuka wenyewe. Tembo akaangua kicheko mpaka mkonga ukatikisika.

Hapo ndipo waliposikia, chini kule: gubuu! Ukingo ulikuwa umeondoka na nyumba yote ya zamani. Tembo akaacha kucheka. Alikumbuka maneno yake ya wiki ijayo, akaona haya sana, akasogea karibu na yule mama.

"Mama," alisema, "nikuletee kuni?"

"Leta, mwanangu. Na wewe Kiboko, kaa, chungu kishatelekwa."

Wakala, mvua ikinyesha nje.

Basi wanangu, mkubwa akikataa kusaidia akiombwa, mdogo mwenye akili atamtafutia mashindano.