Ukurasa Mweupe wa Kidikani

Mnaniuliza kwa nini wanaume wetu, wanaojua sana kunguruma msikitini, hunyamaza wote wakifika ukurasa wa mwisho wa Chuo. Kaeni vizuri basi, wala asiinuke mtu kabla sijamaliza.

Zamani hizo, hapa Kidikani, Chuo kilikuwa cha wanaume. Ni kitabu cha kumsifu Mungu, na hakuna anayejua kiliandikwa na nani. Mababu walikikuta, ama walikuja nacho. Kila ukoo una habari yake na wote wanaapa. Ukurasa wa mwisho tu ndio uliokuwa hausomwi. Herufi zake zilikuwa za kale mno, hakuna aliyezijua, basi watu waliubusu na kuufunika.

Kila mvua zilipokwisha, kurasa zilifunguliwa uzi zikaanikwa juani kwenye jamvi, zisiote ukungu. Mwaka mmoja aliyewekwa kufukuza mbuzi alikuwa mjane aitwaye Mwana Mize. Alikaa pale mwili tu. Moyo ulikuwa nyumbani, kwa binti yake Zena, mtoto wake wa pekee, ambaye homa ilimkausha hata hakuweza tena kulia.

Makombe alikuwa ameshamnywesha. Mnayajua: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Hayakufaa kitu. Ndipo Mwana Mize alipoutazama ule ukurasa wa mwisho, akajiambia kwamba neno ambalo hakuna ulimi uliolitamka lazima lina nguvu kuliko yote. Akauchukua mchana kweupe, akaenda nao nyumbani, akauosha ndani ya bakuli. Wino ukatoka wote. Zena akanyweshwa mpaka tone la mwisho.

Maalim Bwanaheri, mlinzi wa Chuo, alimfuata akamkuta ameshika karatasi nyeupe. Mzee yule alikuwa ameutazama ukurasa ule tangu ujana wake, akiomba afunuliwe kabla hajafa. Akaketi chini.

"Mwana Mize, umetufanyia nini?"

"Nihukumu utakavyo, Maalim. Mwanangu anakufa."

Kabla mzee hajajibu, Zena akafumbua macho. Akaanza kusema polepole, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha jikoni, sifa za Mungu ambazo hakuna aliyepata kuzisikia. Maalim akainua kidole hewani, akawa anafuatisha. Herufi hakuzijua, lakini umbo la ukurasa alilijua kama uso wa mkewe: mistari miwili mifupi, mmoja mrefu, kisha nafasi. Pale pale mstari ulipokuwa ukikatika, mtoto alitua. Penye nafasi, alinyamaza. Jamani, mwili unanisisimka hata sasa! Mzee akalia kwa sauti, na majirani waliojaa mlangoni wakaanguka kusujudu.

Zena akapona. Watu wakamletea Maalim kalamu ayarudishe maneno mahali pake. Akaikataa.

"Yalikaa kwenye karatasi miaka yote hiyo, nami sikuyaelewa," alisema. "Sasa yamejichagulia pa kukaa. Mimi ni nani niyahamishe?"

Na tangu siku hiyo, Chuo kinaposomwa, msomaji akifika mwisho huuinua ukurasa mweupe watu wauone, na wanaume na vilemba vyao huinamisha vichwa. Hapo, nyuma ya pazia, mwanamke mmoja wa uzao wa Zena huyasema maneno yale kama alivyofundishwa na mamake. Msikiti mzima humngoja yeye. Asiposema, Chuo hakifungwi.