Fisi Anataka Kigoda cha Msikilizaji

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kigoda, na wenye kukitaka!
Kigoda cha nani?
Cha asikiaye vilio!
Basi sogeeni. Leo masikio yakae mbele, midomo ikae nyuma.

Hapo kale, katika bonde la migunga, wanyama walikuwa na chuo cha washauri nasaha. Aliyefiwa alikwenda kwa mshauri akalia, na mshauri akamsikiliza. Mwanafunzi aliyehitimu alipewa kigoda. Mwenye kigoda aliruhusiwa kukaa na mwenye huzuni peke yao wawili, pasipo wa kuwatazama.

Mwalimu wa chuo alikuwa Digidigi, mnyama mdogo, miguu kama vijiti, pua isiyotulia. Mkewe alikufa wakati wa kiangazi, akamwachia mtoto mmoja ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Mtoto huyo Digidigi alimficha vichakani, leo kichaka hiki, kesho kile. Jina lake hakumwambia yeyote. Na tangu siku ya maziko Digidigi hakutoa chozi. Alikwenda kufundisha, akafundisha, akarudi.

Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakijizoeza kuwasikiliza majirani alikuwamo Fisi. Alikuwa na taya la kuvunja mfupa wa nyati, na maneno alikuwa nayo! Mwenzake akilia, Fisi huinamisha kichwa, hufumba jicho moja, husema: "Nakusikia, mwenzangu. Nakusikia kabisa."

Bi Kanga alikwenda kulia kwa Fisi. Kesho yake mayai yake hayapo.

Kuchakuro alikwenda kulia kwa Fisi. Kesho yake watoto wake hawapo.

Mama Ngiri alikwenda kulia kwa Fisi. Kesho yake kitoto chake cha mwisho hakipo.

Kila mmoja alisema ni bahati mbaya, msiba huandamana na mwenzake. Lakini Bi Kanga alikaa akafikiri, kisha akamwendea Digidigi.

"Mwalimu," akasema, "yule mwanafunzi wako hakuniuliza uchungu wangu uko wapi. Aliniuliza mayai yako wapi."

Digidigi akaenda mbio kwa Mama Twiga, mkuu wa chuo.

"Mama, Fisi hafai kupewa kigoda."

"Kwa lipi? Maneno yake ni mazuri kuliko ya wote."

"Maneno, ndiyo. Lakini anawala watoto wa wanaomlilia."

"Umemwona?"

"Sikumwona. Nimesikia harufu ya mdomo wake."

"Harufu ya mdomo si ushahidi, Mwalimu. Tukiwafukuza wenye midomo inayonuka, chuo kitabaki na nyuki." Mama Twiga akainamisha shingo yake ndefu, akapunguza sauti. "Na nikwambie jambo jingine, usinichukie. Wenzako wana wasiwasi juu yako. Umefiwa na hujalia. Fisi mwenyewe amekuja kuniambia kwamba unamsakama kwa sababu ya msiba wako. Nimsadiki nani? Alasiri ya leo ni mtihani wa mwisho. Akifaulu, kesho asubuhi anapata kigoda."

Digidigi akatoka. Njiani akamkuta Fisi amelala katikati ya njia, hakuna pa kupita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nipishe."

"Nasikia unanisema." Fisi akainuka polepole, akamkaribia mpaka pumzi yake ikazitikisa nywele za mwalimu. "Sina kinyongo. Kesho nikipata kigoda, nitaomba mteja wangu wa kwanza uwe wewe. Wewe na mwanao. Mnaishi wawili tu, siyo? Maskini. Nitawasikiliza wote wawili."

Do! Tone la mate likadondoka.

Hapo Digidigi akajua kwamba hana kesho. Ama Fisi aumbuke kabla ya kigoda, ama mtoto ndiye atakayelipia.

Akavuka korongo, akafika kwenye pango lililo chini ya mwamba mwekundu. Humo aliishi Bibi Nungunungu.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mjukuu wangu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Bibi, leo utapata mgeni."

"Anapiga hodi?"

"Hapigi."

"Basi nitampokea kwa mgongo," akasema Bibi Nungunungu, akajitikisa, chakarachakarachakara!

Sasa, ulikuwapo utaratibu katika mtihani ule. Mwanafunzi humsikiliza mwalimu wake, na mwalimu huleta huzuni ya kweli. Huzuni ya kuigiza ilikatazwa. Mkuu husimama mbali, aone lakini asisikie, maana lisemwalo kigodani ni la wawili.

Digidigi akawaza: Fisi atanusa kila kichaka cha bonde hili akimtafuta mwanangu. Ni kichaka gani hatakinusa? Akapima upepo. Kisha akamchukua mtoto, akamlaza katika kichaka kilicho nyuma ya mgongo wake mwenyewe, pale pale penye mtihani. "Usitikisike, mama," akamwambia. "Hata ukisikia nini."

Alasiri ikafika. Mama Twiga akasimama mbali. Fisi akakaa, Digidigi akakaa.

"Karibu, mwenzangu. Leo umekuja na nini?"

"Nimekuja na mke wangu," akasema Digidigi. "Hayupo, lakini nimekuja naye."

"Nakusikia, mwenzangu. Nakusikia kabisa." Do!

"Kila asubuhi natangulia kutoka kichakani. Nasimama, nangoja anipite, kwa sababu yeye ndiye aliyejua njia ya majini. Hapiti."

"Nakusikia. Na mtoto?" Do! do!

"Mtoto yupo."

"Yupo wapi?"

"Anaitwa Tunu. Jina hilo tulilipanga mimi na marehemu. Sasa tunalijua mimi na wewe tu."

"Jina zuri. Yupo wapi hasa?" Do! do! do!

Digidigi alikuwa tayari kuutaja mwamba mwekundu. Alikuwa amefungua kinywa. Mara upepo ukageuka, na nyuma ya mgongo wake kitu kikasema:

"Kwi!"

Sikio la Fisi likasimama.

"Nini hicho?"

Digidigi akataka kusema ni ndege. Akataka kusema ni tawi. Maneno yakakataa, na pua ya Fisi ikaanza kupanda juu, kidogo kidogo, ikitafuta. Basi akafanya lililobaki. Akalia. Alikusudia kilio kidogo tu, cha kufunika sauti ya mtoto. Akatoa kidogo, na nyuma yake kikatoka kingine ambacho hakukikusudia. Kikatoka kilio cha maziko. Kikatoka kilio cha kila asubuhi. Akalia mpaka kule mbali Mama Twiga akainamisha shingo. Na mtoto, aliyekuwa hajawahi kumsikia baba yake akilia, akanyamaza kimya.

Fisi akatazama huku, akatazama huku. Mbele yake palikuwa na kilio kama mafuriko, naye alikuwa na haraka.

"Nakusikia, nakusikia, nakusikia! Lakini wapi hasa?"

Digidigi akainua uso uliolowa.

"Ng'ambo ya korongo," akasema. "Kwenye pango, chini ya mwamba mwekundu. Mlango wake ni mwembamba, inapita pua tu. Lakini ukimwita kwa jina, anatoka."

Fisi akasimama.

"Muda umekwisha."

"Sijamaliza kulia."

"Utamalizia nyumbani!" Na Fisi akaondoka, kitikiti kitikiti, kuelekea korongoni.

Asubuhi wanyama wakakusanyika. Kigoda kikawekwa katikati. Fisi akaja wa mwisho, amefunika uso kwa majani.

"Funua," akasema Mama Twiga.

Akafunua. Lahaula! Pua yote, midomo yote, imechomwa miiba mirefu.

"Nimejikwaa kwenye mgunga," akasema Fisi kwa taabu.

"Mgunga gani una miiba yenye mabaka meusi na meupe?"

Bibi Nungunungu akajikokota mbele. "Miiba ni yangu. Jana huyu bwana aliingiza uso mlangoni mwangu, akawa anabembeleza: 'Tunu, Tunu mwanangu, toka, baba amenituma.' Mimi siitwi Tunu. Nikamgeuzia mgongo."

"Tunu ni nani?" akauliza Mama Twiga.

"Ni mwanangu," akasema Digidigi. "Jina hilo nililitaja jana mara moja, hapa, kwa mshauri wangu."

Wanyama wote wakamgeukia Fisi. Hata nzi walitua.

"Nilikuwa nafuatilia hali ya mteja!" akalia Fisi.

"Kwa meno?" akauliza Bi Kanga.

Fisi akaona hana njia, akageukia kanuni. "Mama Mkuu, kanuni ya chuo inasema mwanafunzi mwenye upungufu asaidiwe kwanza kabla ya kufukuzwa. Nina upungufu. Nisaidieni!"

Mama Twiga akamtazama Digidigi. Digidigi alikuwa mwalimu wa haki.

"Ni kweli, kanuni ndivyo isemavyo," akasema. "Tutakusaidia. Miiba hiyo ina ndoano, haitoki mpaka mtu aivute. Bi Kanga atakung'olea. Lakini chuoni kwetu hatumtibu asiyesema."

Bi Kanga akashika mwiba kwa mdomo. "Mayai yangu?"

"Niliyala!"

Nywiii! Ukatoka.

Kuchakuro akashika. "Watoto wangu?"

"Niliwala!"

Nywiii!

Mama Ngiri akashika, naye hakuuliza. Fisi akasema mwenyewe, na kabla hajamaliza kusema, nywiii! Akaona waliofiwa wamejipanga nyuma yake mpaka kule mtoni, kila mmoja na swali lake. Akaruka juu ya kigoda, akakimbia na miiba iliyobaki, na katika bonde lile hakuonekana tena.

Wanyama wakatawanyika. Mama Twiga akabaki na mwalimu wake.

"Kile kilio cha jana," akamwuliza, "kilikuwa cha mtihani?"

"Kilianza hivyo, Mama."

"Basi pumzika. Kigoda cha kusikiliza, nitakikalia mimi mpaka utakapokuwa tayari."

Digidigi akaenda kichakani, akaita, "Tunu!" kwa sauti ya kawaida, mchana, mbele ya yeyote mwenye masikio. Mtoto akatoka. Akamtazama baba yake usoni, akaona njia nyeusi ya machozi kando ya jicho. Digidigi hakuifuta. Hadi leo digidigi wote hawaifuti.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo huitwa umbea. Enyi walimu, msidanganye hata siku moja. Enyi wanafunzi, muwe na maneno mazuri, mengine yatajileta. Na ewe mwenye siri, mwambie Fisi: yeye huifikisha mahali pake, tena kwa miguu yake mwenyewe.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni.