Mikono Miwili, Mswaki Mmoja

"Nimeshamwambia apige mswaki. Mara tatu nimemwambia."

"Umemwambia. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Zena yuko darasa la kwanza, bibi, siyo kichanga. Halafu hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu."

"Mswaki wa mtoto hushikwa na mikono miwili, mume wangu."

Bibi Tausi ndiye aliyemzaa mama yake Njiku, na tangu Njiku mdogo anamwita mume kwa utani. Siku zote Njiku hucheka. Leo hakucheka, msemo ulimchoma.

"Huo umeutoa wapi?"

Bibi akaweka ungo chini. Mkasa wenyewe ulikuwa hivi.

Baba yake bibi, mzee Hango, alikuwa mrina asali kule Singida. Kila jioni akitoka kwenye mizinga humletea Tausi kipande cha sega kwenye jani. Nyumba nzima ilijua baba karudi kwa ile harufu ya moshi kwenye koti lake. Tausi anatafuna, baba anamtazama, wote raha tupu. Kisha baba anasema, "Kapige mswaki." Tausi anaenda nyuma ya nyumba, anauchovya mswaki kwenye maji, anarudi. Basi. Baba anajua amelea.

Mwaka ule Tausi alichaguliwa kuimbisha darasa lake siku ya kufunga shule. Zikiwa zimebaki siku mbili, shavu likavimba kama kabugia kiazi. Maji hayapiti, sembuse wimbo. Baba akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati.

Daktari wa meno alikuwa mama mfupi, hana maneno mengi. Akachungulia jego.

"Nani anamswakisha?"

"Mwenyewe. Ana miaka saba huyu."

"Na viatu hivi vya kamba, kafunga mwenyewe?"

Baba akaviangalia. "Nimemfunga mimi. Hajaweza bado."

"Mkono haujaweza kufunga kiatu, mzee. Jego la nyuma kabisa utalisafishaje?"

Baba akasema kwa sauti ndogo, "Lakini si meno ya utoto haya?"

"Hayo ya utoto ndiyo yanayoyashikia mengine nafasi. Na maumivu yake si ya utoto."

Jego likang'olewa. Siku ya kufunga shule aliimbisha mwingine. Tausi alikuwa nyumbani, kitambaa shavuni, anasikia nyimbo zao kwa mbali. Watoto wa kule hurusha jino juu ya bati wakiomba jipya. Lile alilirusha baba mwenyewe. Hakuomba kitu. Akaingia ndani kuchukua mswaki.

Tangu hapo sega lililiwa mchana, na kila jioni baba alipiga magoti uani, mkono wake mkubwa juu ya ule mdogo, wanaswaki pamoja. Majirani wakamtania, "Hango, siku hizi unarina meno?"

Akawajibu, "Mswaki wa mtoto hushikwa na mikono miwili." Wakacheka, wakaubeba msemo huo.

"Mpaka leo," bibi akasema, "nikisikia harufu ya moshi wa nyuki, kinywa changu kinaungoja mkono ule."

Zena akatokea mbio, kidevu kinachuruzika maji. "Baba, nimemaliza."

Mapema mno. Njiku akamtazama miguuni. Zile kamba za viatu alizifunga yeye Njiku asubuhi.

"Mikono miwili," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Akageuka, akamshika Zena mkono, wakaelekea nyuma ya nyumba.