Mbwa Aliyeogopa Geti la Kwao

Bwana asifiwe. Ketini, wapendwa, na akina mama mlio karibu na dirisha sogezeni pazia kidogo, hewa iingie. Leo nawaletea habari ya mbwa. Najua wapo hapa wanaosema moyoni kwamba mchungaji ameishiwa, sasa anahubiri mbwa. Nivumilieni. Tukifika mwisho mtaniambia wenyewe kama nimehubiri mbwa.

Kulikuwa na mzee mmoja huko Tukuyu. Alistaafu kazi ya reli, akarudi kwao, akajenga nyumba. Tukuyu mnaijua. Mvua ya kule haina likizo, na tope lake ni jeusi, likishika kiatu haliachi. Sasa mzee wetu, akiwa na akili zake timamu, akaweka vigae vyeupe nyumba nzima. Fundi alimshauri aweke vya rangi ya udongo, akakataa. Mtu anayeweka vigae vyeupe Tukuyu ametangaza vita na mawingu, na sijasikia aliyewahi kuyashinda.

Mzee huyu alikuwa na kisukari. Daktari akamwambia atembee kila asubuhi. Kutembea peke yake kulimchosha, basi akatafuta mbwa, dume la kahawia lenye kifua cheupe, akampa jina Meja. Wakawa wanatoka pamoja asubuhi, wanapita kando ya mashamba ya chai, wanashuka mpaka mtoni, wanarudi. Watoto wa shule waliwacheka. Kwetu mbwa hatembezwi; anajitembeza mwenyewe, na akirudi hakuna anayemuuliza alikotoka. Wakamuuliza mzee, huyo mbwa anaumwa nini hata apelekwe kwa kamba. Mzee hakujali. Sukari ilishuka, usingizi ukarudi, na mkewe akawa anamsikia akizungumza na mbwa uani kama anazungumza na mwanawe. Niwaambie wazi kabisa, mzee yule alimpenda mbwa wake. Shikeni hilo, maana litatusaidia mbele.

Haya, mbwa anayetoka matembezini Tukuyu anarudi na nini? Anarudi na tope mpaka tumboni. Bwana mifugo wa pale alimwelekeza mzee vizuri. Mlango wa nyuma uwe na beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa na taulo kuukuu. Mfute mguu mmoja mmoja. Mtazame katikati ya vidole, ndiko kupe wanakojificha. Mpitishe kitambaa tumboni, mwangalie nyuma ya masikio, halafu mkaushe, maana baridi ya kule si ya kuchezea. Sabuni si ya kila siku, inamharibia ngozi. Mzee akafuata yote. Meja naye akazoea, mpaka akawa anatoa mguu mwenyewe, akimaliza huu anatoa huu. Kazi ilikwisha upesi, mbwa anaingia safi, analala karibu na jiko la mkaa. Vigae vilibaki vyeupe na hakuna aliyekuwa na neno.

Ikafika siku ya posa ya binti yao. Mnajua nyumba inavyokuwa siku kama hiyo. Sebule imefutwa mpaka unajiona uso sakafuni, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kila mtu anakimbia. Asubuhi ile mzee alitoka na Meja kama kawaida, lakini wageni wakawahi. Kwa haraka akamfunga mbwa getini bila kumfuta, fundo lenyewe la ovyo ovyo, akaingia ndani kusalimu watu. Haraka hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mzee. Mbwa hakuwa na haraka yoyote.

Fundo likafunguka. Meja akaingia kwa mlango wa mbele, amefurahi kuona watu, akasimama katikati ya sebule akafanya kile ambacho kila mbwa aliyelowa hufanya. Akajikung'uta. Mshenga alikuwa ameingia na suti ya rangi ya maziwa. Alitoka kama mtu aliyemwagiwa uji wa ulezi.

Wageni walicheka, posa ikapokelewa, na mshenga mwenyewe alisema hata kwao kuna mbwa. Lakini mzee hakucheka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa, na aibu ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku ile akaweka utaratibu mpya. Beseni la mlango wa nyuma likaondolewa. Mpira wa maji ukavutwa mpaka getini. Meja akirudi matembezini anafungwa kwenye nguzo ya geti, anamwagiwa maji ya bomba, na maji ya bomba ya Tukuyu asubuhi yanauma kama meno. Anasuguliwa kwa brashi ya kufulia, na huku anasuguliwa anasomewa kosa lake. Kila siku kosa lilelile. Ulinifedhehesha. Ulinivunjia heshima mbele ya wakwe.

Mkewe alivumilia, akashindwa. Asubuhi moja akatoka na kitenge chake begani, akasimama pale getini.

"Baba Tuponile, huyu mbwa anatetemeka. Si umfute tu kama zamani, pale nyuma?"

"Zamani ndiyo iliyomharibu," mzee akasema. "Akitaka kuingia kwangu, aingie safi. Na ajue amekosa."

Nawauliza, Meja alijua amekosa nini? Alichojua ni kwamba zamani kurudi nyumbani kulikuwa taulo na jiko la mkaa, na sasa kurudi nyumbani ni maji baridi na maneno. Lakini tuseme kweli, mbwa alikuwa safi. Hata msomi wa mbwa angekuja asingeona doa. Mzee akawaonyesha majirani, akasema, mnaona? Utaratibu umefanya kazi. Na kweli, mtu akitazama manyoya ataona usafi. Mkia hakuutazama.

Mkia ulianza kushuka. Mwanzoni ulishuka wakifika getini. Kisha ukawa unashuka kwenye ile kona ya mwisho, geti linapoonekana. Kisha Meja akaanza kuketi kwenye kona, akawa wa kuburutwa. Ikaja asubuhi, wamefika getini, akachomoa shingo kwenye mkanda, akavuka barabara, akasimama kwenye migomba ya jirani akimtazama bwana wake. Mzee akamwita kwa sauti ya upole sana. "Meja, njoo. Njoo mwanangu." Mkono mmoja ameunyoosha anamwita. Na mkono wa pili, wapendwa, mkono wa pili ulikuwa nyuma ya mgongo, umeshika mpira wa maji.

Mbwa hajasoma, lakini anajua kutazama mkono wa pili. Akageuka akaenda zake.

Hakurudi siku ile wala iliyofuata. Mzee akatafuta. Alikwenda mtoni, alizunguka mashamba ya chai, aliuliza wachuma chai. Sukari ikaanza kupanda, maana kutembea kumekwisha, na usingizi nao ukaondoka. Mwisho mtu akamwambia mbwa wake yuko kilabuni. Nasema kilabu cha pombe, kile cha bondeni, ambacho mzee wa kanisa akipita karibu anavuka upande wa pili wa barabara. Mzee akavuta kofia usoni, akashuka. Na kweli, Meja alikuwa amelala karibu na moto wa kupikia pombe, katikati ya miguu ya walevi, mchafu vibaya sana, kupe wamemjaa masikioni. Na amelala usingizi mzito.

Mama mwenye kilabu alimpokea mzee kwa heshima zote, akamfutia kiti. Mzee akamuuliza amempa mbwa wake nini hata ahamie pale.

"Sijampa kitu, baba," yule mama akasema. "Hata chakula anapata makombo tu. Ila hapa hatumuulizi mtu miguu."

Mzee akainama, akaita. Mnadhani Meja alikimbia? Aliinuka, akamjia, akamlamba mkono, mkia unapiga viti vya watu. Wakapanda mlima pamoja, hata kamba haikuhitajika. Mzee alisema baadaye kwamba hakuwahi kutembea na mbwa yule vizuri kama siku ile. Alifurahi hadi machozi. Wakapita chai, wakapita kisima, wakafika kwenye kona. Geti likaonekana. Meja akaketi chini.

Hapo ndipo mzee angeweza kuelewa. Mbwa hakuwa amemkimbia bwana wake. Alikuwa amelikimbia geti.

Mkewe alikuwa amewaona kwa mbali, amefungua geti lote, ametoka na lile taulo kuukuu. Akasema, "Baba Tuponile, leo mwache aingie kwanza. Nimechemsha maji, nitamsafisha mwenyewe ndani." Mzee akamtazama mbwa, tope, kupe, harufu ya kilabu. Akatazama ndani, vile vigae vyake. Na huyu ni mtu aliyetoka kulia kwa furaha sasa hivi. Akasema, "Utaratibu ni utaratibu," akauendea mpira. Alipogeuka, kona ilikuwa tupu.

Ninyi mnangoja niwaambie mbwa alirudi. Hakurudi. Lakini sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalonisumbua. Hadi leo, mzee akitoka asubuhi, Meja anamngoja kule kwenye chai. Anamrukia, wanatembea pamoja mpaka mtoni, wanapanda pamoja. Wakifika kwenye kona mbwa anasimama, anamtazama mzee akienda mpaka anaingia, kisha anashuka bondeni. Kila asubuhi. Na mzee yule ana vigae vyeupe kuliko mtu yeyote Tukuyu.

Wapendwa, nimemaliza habari ya mbwa. Sasa ni sisi.

Ni wangapi tunakutana nao sokoni wanatusalimia vizuri? Bwana asifiwe mchungaji, Bwana asifiwe mama, unawajulia hali, mnacheka, mnatembea pamoja njia nzima. Wengine waliimba kwaya hapa. Wengine walifundisha watoto wetu shule ya Jumapili. Mkikaribia kona ile ya dukani, mnara wa kanisa unapoonekana, anakuaga. Anasema ana shughuli. Tunarudi nyumbani tunasema fulani amemwacha Mungu. Mimi nawauliza, una hakika amemwacha Mungu? Au amelikimbia geti?

Utaratibu wetu mnaujua. Mtu akianguka anatengwa. Akitaka kurudi kundini anaanza kwa wazee, anaulizwa, anaulizwa tena. Kisha Jumapili anasimamishwa hapa mbele, kosa linasomwa, na sisi tulioketi tunanyoosha shingo tuone vizuri amevaa nini na tumbo limefikia wapi. Akimaliza tunamwambia karibu. Halafu akina mama kwenye kikao cha mchango, akina baba kwenye kahawa, kosa lilelile linasomwa tena mwaka mzima. Huo ndio mpira wetu wa maji. Na tunamwita kwa sauti ya upole sana.

Msinielewe vibaya. Sisemi toba iondolewe. Tope ni tope, na kupe ukimwachia mbwa watamuua. Yule mama wa kilabu hakumuuliza mtu miguu, lakini pia hakumtoa mbwa hata kupe mmoja. Huko nje watu wanapokelewa na wanakufa na kupe wao. Meja alihitaji kufutwa. Na alikuwa akitoa mguu mwenyewe! Zamani, kwenye beseni la nyuma, alikuwa akitoa mguu mwenyewe. Mtu akijua anapendwa anatoa mguu mwenyewe, huhitaji kumfunga kwenye nguzo.

Ile asubuhi mke wa mzee alisimama getini na taulo, mikono yote miwili inaonekana. Nauliza usharika huu, mkono wetu wa pili uko wapi?

Namaliza. Kuna mtu, tangu Jumapili tatu hizi, anakuja na kusimama nje ukutani, anasikiliza ibada kupitia dirisha, na kabla ya sadaka anaondoka. Sitamtaja. Na naona shingo zinaanza kugeuka, naomba msigeuke. Shingo zikigeuka, maji yameshafunguliwa. Nitazameni mimi. Niliwaomba wazee jana usiku, tukakubaliana baada ya maneno mengi, kwamba akiingia leo ataketi anapotaka, na hakuna wa kumuuliza neno. Mazungumzo yapo, tutayafanya, kwa maji ya uvuguvugu, nyumbani kwangu, mama mchungaji atapika chai. Aingie kwanza.

Sasa tusimame tuimbe. Mzee wa zamu, fungua mlango mkubwa, pande zote mbili, na uuache hivyo hivyo. Naona mvua imeanza, na najua wanawake walisafisha sakafu jana. Ikilowa, tutapiga deki.