Mshono Kabla ya Lumbesa

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2019, saa tatu na robo asubuhi. Naikumbuka kuliko siku niliyozaliwa, maana hiyo nyingine niliambiwa tu. Na ndiyo siku iliyoufanya huu msemo mliousikia mjini uwe methali: Uliza mshono kabla ya lumbesa.

Wewe Osmund na dada yako Leokadia mnasema fundi mmoja wa kompyuta kule Iringa mjini aliwatupia maneno hayo mlipokuwa mnachagua diski ya kompyuta mnayoiunganisha kwa ajili ya kibanda chenu cha picha za pasipoti. Mkacheka, mkadhani ni utani wa wauza vitunguu. Sasa mmekuja kuniuliza kwa kuwa mmesikia yalitoka kijijini kwetu. Yalitoka nyumbani kwangu. Kaeni basi, niwaoneshe yalikoanzia. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo habari za mashine nitazisema kama nilivyoziona.

Marehemu mke wangu, Desderia, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Tuli, alikuwa mshona magunia kwenye uwanja wa kupakia vitunguu. Lumbesa mnaijua. Gunia likishajaa, mnunuzi hataki lifungwe hapo. Linaongezewa nundu juu ya mdomo, nundu inafunikwa kwa wavu, wavu unashonwa kwa kamba. Mnunuzi akiona nundu kubwa moyo wake unatulia. Mama Tuli nundu hakuitazama. Alipitisha kidole kwenye mshono, pole pole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Alisema nundu haifiki Dar es Salaam, kinachofika ni mshono.

Mwaka 2016, mwezi wa sita, chama chetu cha wakulima kiliamua kuwa na kompyuta. Ya dukani ilitushinda bei, basi akaitwa fundi Eliabu aiunganishe kwa vipande: kasha la zamani, kioo cha mtumba, hiki kutoka hapa na kile kutoka pale. Kila kitu tulikubaliana bila maneno mpaka tulipofika kwenye diski. Eliabu alitueleza kuwa diski ndiyo ghala la kompyuta, kwamba vipande vingine vyote vikifa unanunua vingine, lakini ghala likifa linakufa na vilivyomo. Akaweka mbili juu ya meza, bei yake sawa. Moja ndogo, nyembamba kama kiberiti kilichokanyagwa, mpya, haina kitu kinachozunguka ndani; inabeba kile wanachokiita gigabaiti mia moja na ishirini. Nyingine nzito kama tofali, imetumika, inabeba elfu moja.

Mwenyekiti wetu, Bwana Mgongolwa, alikuwa dalali wa vitunguu kabla hatujamchagua. Aliinyanyua ile nzito, akaipima mkononi, akacheka. Niliuona uso wake, ulikuwa uso wa mnunuzi aliyeona nundu. Eliabu akajaribu kumwambia kwamba mafaili yetu yote, hata tukiandika miaka kumi, hayatajaza nusu ya ile ndogo. Hakusikilizwa. Mtu anapewa elfu moja kwa bei ya mia na ishirini, halafu aikatae? Kwa desturi ya soko letu huo ni ujinga.

Ndipo Mama Tuli akauliza kutoka kwenye benchi la nyuma. "Fundi, hiyo kubwa imefanya kazi muda gani?"

Eliabu akaichomeka kwenye mashine yake, akasoma. Saa elfu arobaini na moja. Ilitolewa kwenye kamera za ulinzi za bohari fulani, ilikokuwa ikizunguka usiku na mchana karibu miaka mitano, bila hata Jumapili.

"Basi hiyo imechoka," akasema Mama Tuli.

"Mama Tuli, tunanunua kompyuta hapa, hatununui punda," Mwenyekiti akamjibu, na watu wakacheka.

"Punda ungemfungua mdomo ukaangalia meno, Mwenyekiti. Mimi gunia naliuliza mshono kabla ya lumbesa."

Wakacheka zaidi. Mmoja akamwambia arudi kwenye sindano yake, na kwa wiki nzima wanaume walikuwa wakimwita Mama Mshono kila akipita. Kura ikapigwa kwa mikono. Mikono yote ilipanda, wa kwake ukabaki mapajani. Wangu? Wangu ulipanda pia. Nilikuwa nimeketi mbele, Mwenyekiti ananitazama, na mimi nilitaka mgao wa mbegu. Viongozi wetu ndivyo wanavyotutawala, wanakuweka mbele halafu wanahesabu mikono. Nyumbani hakunisema. Alinipakulia ugali kama siku zote. Heri angenisema.

Mwaka uliofuata, bibi shamba wetu, yule msichana mrefu aliyehamishiwa Kilolo baadaye, alipita nyumba kwa nyumba na simu yake akirekodi wakulima wazoefu, ili chama kiwe na mafunzo ya sauti kwa vijana. Kwetu alikaa dakika arobaini. Mama Tuli akaeleza namna ya kukausha kitunguu kivulini, namna ya kukata shingo yake, namna ya kushona. Kwenye dakika ya thelathini na moja kuku aliingia ndani, naye akakatiza somo akaita, "Baba Tuli, hebu mtoe huyu, anataka kutushinda kwa maneno." Akacheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi kwanza. Kisha akaendelea na habari za kamba. Sauti ikahamishiwa kwenye kompyuta ya chama, na kwenye simu ya bibi shamba ikafutwa kupisha nyumba nyingine.

Agosti 2018 Mama Tuli akafariki. Sitasema zaidi hapo.

Baada ya arobaini nilianza kwenda ofisini kila Alhamisi. Katibu alinifungulia, naye akatoka nje kwa heshima. Somo la vitunguu nililijua, nimelima maisha yangu yote. Nilikuwa nasubiri dakika ya thelathini na moja, niitwe. Mtu akishafiwa, majina yake mengine yote yanabaki, watu wanamwita mzee, wanamwita mjumbe, wanamwita babu. Lile aliloitwa ndani ya nyumba halina wa kulitamka.

Nilimwomba Katibu aninakilie sauti hiyo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Akasema mali ya chama haitoki bila idhini ya kamati. Nikaandika barua, nilisaidiwa kuiandika. Kikao cha Novemba akidi haikutimia. Cha Januari kilijaa ugomvi wa mbolea. Barua yangu ilikuwa agenda ya saba, na kamati yetu haijawahi kuvuka ya nne. Na Eliabu tangu siku ya kwanza alikuwa ameshauri kila kitu kiwekwe nakala mahali pa pili. Mwenyekiti alimwambia ghala la elfu moja halihitaji mwenzake.

Ile Alhamisi Katibu aliwasha, nikakaa. Kasha likaanza kutoa sauti, tk, tk, tk, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Kioo kikabaki cheusi. Tukazima, tukawasha. Tk, tk, tk. Eliabu alikuja kwa pikipiki, akaitoa ile diski, akaiweka sikioni, akainamisha kichwa.

"Inakufa?" nikamuuliza.

"Imekwisha, mzee. Ule mkono wa kusomea umeharibika."

"Na vilivyomo?"

"Pengine vipo kama vilivyokuwa. Pengine mkono umeshavikwaruza. Mimi siwezi kuifungua, na huwezi kujua mpaka ifunguliwe. Wako watu Dar es Salaam wenye vyumba visivyo na vumbi."

Kisha akasema jambo ambalo hadi leo linaniuma. Katika elfu moja zile, tulikuwa tumetumia kumi na tisa.

Mkutano uliitishwa Jumapili. Mwenyekiti akasimama kueleza kuwa mashine ni mashine, kwamba ni bahati mbaya na haina mwenyewe. Hakumaliza. Yule yule aliyemwambia mke wangu arudi kwenye sindano alinyanyuka, kofia mkononi, akasema taratibu, "Tuliambiwa tuulize mshono kabla ya lumbesa." Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo maneno yakaanza kutembea. Kwenye kununua pikipiki, kwenye kuposa, hata kwenye kuchagua viongozi, ingawa hapo naona bado hatujajifunza. Yamefika kwa mafundi wa mjini, wasiomjua aliyeyasema.

Kwa hiyo nyinyi nunueni ile ndogo mpya. Mkikosa, mkanunua iliyotumika, mwambieni fundi aisome mbele yenu imefanya kazi kwa saa ngapi, na picha za watu mziweke mahali pawili, wala msingoje kikao. Uliza mshono kabla ya lumbesa. Sasa mnaielewa.

Kuhusu kuipeleka diski Dar es Salaam, kamati ilisema italijadili suala hilo. Ipo bado, imefungiwa kwenye kabati la ofisi, na ufunguo anao Mwenyekiti. Nimemuuliza yeye, nimemuuliza Eliabu, nimemuuliza hata padre. Labda nyinyi mliosoma mtanijibu: mle kabatini Mama Tuli bado ananiita, au ameshanyamaza?